Matanga Kwenye Mafuta ya Bi Time

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Msicheke. Mradi wetu wa kupima unene na sukari ulipofungwa, kila mmoja wetu alipewa cheti chenye maneno "kwa utumishi uliotukuka" pamoja na saa ya ukutani. Mratibu, aliyekuja kwa ndege ya asubuhi kutoka Unguja, akatuambia kwamba tangu siku ile sisi ni wastaafu. Maana yake ilikuwa kwamba hatuna kazi, ila kustaafu kunasikika vizuri zaidi mbele za watu. Mama yangu aliitundika saa sebuleni na kuwatangazia majirani kuwa mwanawe kastaafu kabla ya baba yake, ambaye mpaka leo anaparamia mikarafuu.

Kwa hiyo nina haki ya kuandika kumbukumbu. Nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa kujitolea katika afya ya jamii, mliopewa fulana, begi na utepe wa kupimia kiuno, mkadhani kazi ni kupima viuno. Mimi pia nilidhani hivyo. Kazi ni maneno. Utepe ni kisingizio cha kuruhusiwa kukaa karibu na mtu.

Niungame mapema, maana mkiyasikia kwa wengine watayatia nakshi: kwa neno moja nililolichagua kwa uangalifu mkubwa, nusura nimuue mwanamke wa watu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikituma ujumbe wa simu nausoma mara nne baada ya kuutuma, wakati kuusoma hakuna faida tena. Skuli niliishia kidato cha nne, na mambo ya mwili wa binadamu nilijifunza peke yangu, kwenye ghorofa la jirani ambalo halijaisha kujengwa, kwa sababu pale juu ndipo mtandao unaposhika. Nilikuwa nakaa juu ya mfuko wa saruji, simu mkononi, nikisoma kurasa nilizozielewa nusu na kuandika daftari ambalo nikikosea herufi moja nachana ukurasa mzima. Daftari la kurasa mia lilinimalizikia kwenye mada ya tatu.

Kituo chetu kilikuwa nje kidogo ya Chake, hapa Pemba, njia ya Pujini, na mkuu wake, kwa cheo na kwa sauti, alikuwa Sista Raya. Huyu ni muuguzi mzee wa ukoo wa Kiarabu ambao zamani ulikuwa na mashamba na sasa una Sista Raya. Alikuwa mnene, na alifundisha habari za unene bila kujionea haya hata kidogo.

"Mie ni mfano," alikuwa akiwaambia wagonjwa. "Nitazameni, kisha msifanye."

Siku yangu ya kwanza nilimpima mama mmoja nikakuta kiuno chake kimeongezeka vibaya tangu mwezi uliopita. Nikaandika. Nikapiga mstari chini. Nikaenda kwa Sista Raya na uso wa msiba. Yeye akamwita yule mama, akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa shada la funguo saba, simu, na kipande cha halua kilichofungwa kwenye karatasi.

"Bi Utepe," akaniambia, na jina hilo halijanitoka mpaka leo, "umempima mama wa watu au umempima kabati lake?"

Basi jifunzeni. Kwanza mwombe mtu afungue kiuno na aweke vitu vyake mwenyewe, usivishike wewe. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta mfupa wa nyonga, na utepe upite katikati ya hapo. Mwache apumue, apumue tena, kisha soma anapomaliza kutoa pumzi, kwa maana wanaume wote wa kisiwa hiki wakiona utepe hujaza kifua na kuliita tumbo ndani kama konokono. Zungumza nao. Mwanamume akianza kueleza habari za mpira tumbo hurudi lenyewe.

Na namba usiisome kwa sauti. Hili nawasihi. Mimi siku ya pili nilisoma "Mia moja na kumi na mbili!" mbele ya benchi zima, nikiwa na furaha kwamba safari hii sikupima funguo. Yule mama mpaka leo, akipita sokoni, kuna watu wanamwita Mia na Kumi na Mbili. Mwanawe alipooa, mwaliko ulisemwa ni wa harusi ya kwa Mia na Kumi na Mbili.

Tatizo lingine lilikuwa hilo neno lenyewe, afya. Kwetu mtu akinenepa tunamwambia amepata afya. Sasa mimi nikisimama na bango lililoandikwa kuwa mafuta mengi yanaharibu afya, wanawake walikuwa wakitazamana.

"Yakhe, afya si ndiyo hayo mafuta?"

Nilikuwa nakwenda nyumbani nikiwa sina raha. Nilitaka waelewe kile nilichokisoma juu ya mfuko wa saruji na kikaninyima utulivu. Nacho ni hiki. Tunadhani mafuta ya tumboni ni mzigo tu, kama gunia lililowekwa ghalani. Sivyo. Yako hai. Yana chembe zake, na katikati ya chembe hizo wanaishi walinzi wa mwili, wale wale wanaopigana na vijidudu. Kwa mtu asiye na mafuta mengi, walinzi hao hufagia, hutuliza, huokota kilichokufa, hakuna anayewasikia. Lakini chembe za mafuta zikijazwa na kujazwa, zinavimbiana, damu haizifikii vizuri, nyingine zinakufa. Hapo walinzi wanaingia kwa wingi, wanaizunguka ile iliyokufa, wanatoa kemikali za kuita wenzao, na wenzao wanakuja. Kemikali hizo zinaizuia insulini isifanye kazi yake ya kuingiza sukari kwenye chembe. Sukari inabaki kwenye damu. Mtu haumwi popote, haoni wekundu wala joto, na ndani hakujatulia mwaka mzima.

Niliona nikiweza kulisema hili kwa Kiswahili fasaha, Pemba itapona.

Mratibu naye alikuwa na wazo hilo hilo, ila yeye aliliita kamati ya istilahi. Tulikusanywa hotelini siku tatu, wataalamu wa lugha, wataalamu wa afya, na mimi, mwakilishi wa jamii. Sista Raya hakualikwa kwa kuwa hakuwa mtaalamu wa lugha, alikuwa akiizungumza tu. Mada ilikuwa mafuta ya tumboni. Saa nne tulipewa sambusa, saa saba biriani, saa kumi soda na halua, na siku ya tatu mwenyekiti aliongoza kikao akiwa amefungua kifungo cha suruali chini ya meza.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ile hali ya walinzi kujazana na kuchafua mambo. Mmoja alitaka tuiite mchochota, kwa kuwa ndivyo kamusi inavyosema. Mwingine alitaka mwako. Mimi nilikuja na kurasa kumi na moja za kutetea neno uvimbe. Nilieleza kwamba uvimbe unatokana na kuvimba, kila mtu anajua kuvimba, neno halina kona. Nilizungumza nikitetemeka, nikashinda. Walinipigia makofi. Nilikwenda msalani nikalia kidogo kwa furaha, nikarudi nikashinda na neno la pili: wale walinzi wakubwa wanaomeza kilichokufa, tuliwaita walaji wakubwa.

Niliporudi kituoni nikamsomea Sista Raya maneno yote.

"Mchochota ndiyo nini? Jina la nyoka?"

"Hilo tumelikataa, Sista. Tumechukua uvimbe."

Alinitazama. "Uvimbe," akasema. Akafungua mdomo tena, lakini mgonjwa akaita, naye akaenda. Nami sikumfuata kumwuliza alitaka kusema nini, kwa sababu niliogopa. Hilo ndilo kosa la kwanza, nyinyi vijana. Neno lenyewe lilikuwa la pili.

Vipeperushi vilikuja kwenye maboksi manne, vinang'aa. Nilivisoma nikitafuta makosa ya uchapaji, sikuona hata moja, nikalala usingizi mzuri. Tukavigawa siku ya kliniki.

Siku mbili baadaye alikuja sheha wetu, mkuu wa mtaa, mtu mpole, kipeperushi kimekunjwa mara nne ndani ya kofia. Akafunga mlango wa ofisi kabla ya kukitoa.

"Bi Utepe, mwanangu, wewe sasa umeingia siasa?"

"Siasa gani, Sheha?"

Akasoma kwa sauti ya chini, kidole chini ya mstari. "'Walaji wakubwa wamejaa kwenye mafuta, na wakishaingia hawaondoki.' Barazani watu wamekisoma tangu alfajiri. Wanasema hatimaye mtu kathubutu kuandika. Wanauliza ni mafuta yepi, haya yanayotafutwa baharini au ya vituo vya petroli. Mzee mmoja kasema wako na bandarini, kwa nini hukuwataja?"

"Sheha, ni chembe za mwilini!"

"Mie nakuamini. Lakini hapa umeandika 'hujificha, huitana, na humaliza kila kitu.' Sasa nikiulizwa na wakubwa nitasema ni chembe?"

Nilicheka siku ile, na siku nzima nikawa nawasimulia watu. Nilidhani neno lililoniponyoka ni hilo moja. Mtu wa wasiwasi anachoka sana kwa sababu kila siku anatazama dirisha, na mwizi anaingilia mlangoni.

Wiki ya tatu, siku ya kliniki, aliingia mwanamume mmoja mzee, mrefu, kanzu imepigwa pasi, hasira imemtangulia.

"Nani hapa Bi Utepe?"

Benchi zima la wanawake likanionyesha kwa videvu.

"Ndiye mie, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, na shikamoo yako isinilainishe. Mie Kombo, mume wa Time. Nke wangu mmemfanya nini?"

Bi Time tulimjua sote. Ni mama wa makamo, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, mwenye kicheko kilichokuwa kikilitikisa benchi mpaka wa mwisho akashika ukuta. Nikakumbuka kwamba siku hiyo hakuwepo, wala wiki iliyotangulia.

"Hali," akasema Mzee Kombo. "Tangu mlipompa ile karatasi yenu hali chakula. Kanga zampwaya. Nikipita barazani watu wananyamaza. Jana shemeji yangu kaja na kapu, mchele na samaki, kaliweka mlangoni pangu, kasema, 'Kombo, kama huwezi, sema.' Mie! Mie, ambaye nke wangu mlango wa gari ulikuwa haumtoshi kwa matunzo!"

Mama mmoja kwenye benchi akasema polepole, "Na sisi tumesikia hivyo hivyo," na Mzee Kombo akamgeukia kwa jicho ambalo lilimfanya atafute kitu kwenye mkoba.

Sista Raya alikuwa ametoka chumbani. "Kombo, acha maneno ya barazani. Dawa za sukari anakunywa?"

"Kazifunga kwenye mfuko. Asema hazina kazi tena, maradhi yake mengine. Anashindia chai. Kagawa kanga, Sista. Doti zote, kwa wakaza wanawe. Jana kaniuliza akifa nitamwoa nani, na mie kwa ujinga nikafikiri kidogo kabla ya kujibu."

Hakuna aliyecheka. Sista Raya alichukua kipeperushi mezani, akakisoma mpaka akasimama kwenye mstari mmoja, akanipa, kidole hapo hapo. Sentensi ile niliiandika mimi. "Mtu mwenye kiuno kipana huwa na uvimbe wa muda mrefu ndani ya mafuta ya tumbo, usioonekana wala kuuma."

"Dada yake alikufa kwa nini?" akaniuliza.

Sikujua. Nilijua kiuno cha Bi Time kwa miaka minne, kila mwezi, na sikujua dada yake alikufa kwa nini.

"Uvimbe wa tumbo," akasema Sista Raya. "Hebu isome tena, safari hii kama Time."

Nikaisoma. Nilikuwa nimemwandikia kifo cha dada yake.

Mchana ule ule tulikwenda, Sista Raya, Mzee Kombo na mimi. Bi Time alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga kanga moja iliyopauka, kikombe cha chai ubavuni.

"Bi Utepe," akasema. "Umekuja kunipima? Kilichobaki hakipimiki."

Sista Raya akamchoma kidole kwa kimashine chake, akatazama, hakusema namba. Alikiweka kimashine kifudifudi. Miaka yote niliyofanya kazi naye sijamwona akikigeuza hivyo.

"Time, chai hii ina sukari?"

"Tele. Kama nakufa, nife na sukari yangu." Kisha akanigeukia mimi, bila ukali, na hapo ndipo aliponimaliza. "Karatasi yako nimesomewa mara tatu. Umeandika vizuri, mwanangu. 'Usioonekana wala kuuma.' Vile vile ndivyo alivyoanza dada yangu."

Nikafungua daftari. Naona haya kuwaambia, lakini nilifungua daftari. "Bi Time, kitaalamu, neno uvimbe katika muktadha huu lilikusudiwa..."

Sista Raya alinikanyaga mguu. Si kwa ishara, kwa uzito wake wote. "Sema neno moja tu," akasema.

Nilijua ni neno gani. Nilikuwa sijalisema kwa sauti tangu utoto. Makosa yangu nilikuwa nayachana na kurasa zake kabla hajayaona mtu.

"Nimekosea."

Bi Time akanitazama. "Umekosea nini?"

"Huna uvimbe unaoujua wewe. Hakuna kitu cha kukatwa. Neno nimelikosea mie."

"Usinibembeleze."

"Habembelezi," akasema Sista Raya. "Hajui kubembeleza huyu. Tumbo lako nimelishika mie mwenyewe mwezi wa juzi, na nitalishika tena sasa hivi, na kesho daktari atalitazama. Msikilize."

Nikaona kidole cha shahada cha Bi Time kina kovu.

"Hapo ulifanya nini?"

"Mbuzi ya nazi ilinichuna, kabla ya karatasi yako."

"Kilikuwaje?"

"Kilivimba, kikawa chekundu, kikapwita siku mbili tatu. Kisha kikapoa."

"Basi wale waliokivimbisha ni walinzi wako wa mwilini. Walikuja wengi, wakasafisha, wakaondoka. Walinzi hao hao wamo kwenye mafuta. Mafuta yanaishi, Bi Time. Chembe zake zikishindiliwa sana, nyingine zinakufa. Wanakuja kuziondoa."

"Wanakuja kuzika," akasema.

"Ndiyo, kuzika."

"Wakishazika si waondoke?"

"Wanataka kuondoka. Kuna na wengine kazi yao hasa ni kuwatuliza wenzao, waondoke kwa adabu. Lakini kabla hawajaondoka inakufa nyingine. Wanakaa. Wanaitana, wanakuja wengine."

Bi Time alikuwa akiwaza. Mzee Kombo mlangoni naye akiwaza, mdomo wazi.

"Wanakula kwa nani?"

"Kwako."

"Na kelele?"

"Kelele ndizo zinazoleta sukari. Insulini inakuja mlangoni na sukari mkononi, inabisha hodi, na ndani wamejaa watu, hakuna anayeisikia. Inabaki nje na sukari yake. Zile dawa ulizozifunga, kazi yake ni kuisaidia hodi isikike."

Akaegemea ukuta. Kisha, polepole, mabega yakaanza kumtikisika, nami nikadhani analia.

"Lo! Sista Raya, wasikia? Matanga! Mie nna matanga tumboni yasiyoanuliwa! Watu wamekuja kuzika na hawaendi kwao, wanakula na kunywa tu!"

Kicheko kikamtoka. Kilikuwa chembamba kuliko zamani lakini kilikuwa chenyewe. Sista Raya akashika ukuta. Mzee Kombo akasema, "Kama yale ya marehemu ami yangu, walikaa mpaka kuku wakaisha," akaambiwa anyamaze.

Kurasa kumi na moja, siku tatu za biriani, na neno lilikuwa kwenye mkeka ule.

"Basi yaanuliwa vipi?" Bi Time akauliza, akifuta macho.

"Kwa kupunguza vifo," nikasema. "Si kwa kujinyima kula, huko ni kujidhuru. Unakula vizuri, chai bila vile vijiko vya sukari, unatembea kila siku, unapungua kidogo kidogo, na dawa humezi kwa kukumbuka, unameza kila siku. Wakikosa wa kuzika, wanaanza kwenda kwao."

Akatazama mfuko wa dawa uliotundikwa msumarini. Sote tukautazama. Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamesimama, vijana wangu, kwenye mfuko wa plastiki.

"Nitameza," akasema. "Kwa sharti. Wenzangu wa benchi wote wanajua mie nnakufa. Wameshaniletea uji. Siku ya kliniki usimame mbele yao useme lile neno ulilolisema hapa."

"Matanga?"

"Hilo nitalisema mwenyewe. Wewe sema kuwa umekosea."

Usiku ule sikulala. Niliandika hotuba ya kurasa tatu, nikaisahihisha, nikaichana, nikaiandika upya. Siku ya kliniki nikasimama. Bi Time alikuwa kiti cha mbele, mfuko wa dawa mapajani kama tiketi. Nikafika mstari wa nne wa ukurasa wa kwanza.

"Ziweke hizo," akasema. "Sema."

Nikasema. Mama mmoja akaingiza mkono ndani ya mkoba akatoa kipeperushi chake, kimechakaa kwa kukunjwa. Akasema yeye alikuwa amekificha chini ya godoro mumewe asijue, na dawa aliacha tangu wiki iliyopita. Nyuma yake mwingine akasema, "Hata mie." Kwa neno langu lisilo na kona walikuwa wanajiandaa kufa watatu.

Bi Time akasimama akawaeleza matanga. Alieleza vizuri kuliko mimi, akawaigiza waombolezaji, yupi anaomba maji, yupi anauliza wali umeiva. Maswali yakaja.

"Mbona wayakalie tumboni? Mie nyonga zangu kubwa zaidi."

"Mafuta ya nyonga yana utulivu kidogo," nikasema. "Haya ya tumboni, yaliyozunguka matumbo, ndiyo yenye fujo."

"Alhamdulillahi," akasema mama aliyekalia nafasi ya watu wawili, na akakaa vizuri zaidi.

Nikampigia simu mratibu nikitaka vipeperushi virudishwe. Akaniambia matanga si istilahi iliyopitishwa, tena lina sura ya kienyeji, na vipeperushi vitumike mpaka viishe. Basi nikachukua kalamu. Maboksi mawili na nusu yaliyobaki niliyasahihisha kwa mkono, kimoja kimoja, uvimbe nikaukata kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake nikaandika "matanga yasiyoanuliwa," na walaji wakubwa nikawafanya wazikaji, sheha akanishukuru. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wangu wa kurudia rudia ulimfaa mtu. Mkaguzi alipokuja aliandika "uharibifu wa nyenzo." Ripoti ya mwisho ya mradi ilisema jamii imeupokea vyema msamiati uliopitishwa. Zote mbili zina sahihi.

Bi Time alianza kupungua tena, safari hii polepole na kwa haki, akitembea mpaka Pujini na kurudi. Watu wa barazani wakaanza tena kumnyamazia Mzee Kombo. Akaja kulia kwa Sista Raya, naye akamwandikia barua yenye muhuri: "Mke wa mzee huyu anapungua kwa amri ya kituo, si kwa njaa." Aliitia plastiki. Nasikia bado anatembea nayo mfukoni, na akimwona mtu anamtazama mkewe sana anaitoa bila kuulizwa.

Siku tuliyopewa saa za ukutani, mratibu alipokwisha kuondoka na sambusa zilipokwisha kuliwa, Bi Time alikuja akanivuta pembeni. Kanga zake alikuwa amezidai kwa wakaza wanawe, akazipata zote isipokuwa moja, na kisa cha hiyo moja ni kirefu. Alikuwa na doti mikononi, mpya kabisa, haijakatwa.

"Siku ile nagawa," akasema, "wewe sikukutia kwenye hesabu, kwa kuwa ndiye uliyeniua. Leo nakupa, mie mwenyewe, nikiwa hai."

Nilianza kufikiria jibu zuri, na kama kawaida yangu nikachelewa.

"Haya, usinililie, nna haraka," akasema, akifungua kiuno na kuweka mezani funguo, simu na leso. "Nipime mara ya mwisho. Na namba usiseme."

Nikatafuta ubavu, nikatafuta mfupa wa nyonga, nikamwacha apumue mara mbili. Nikapima. Sikusema.

Nanyi msiniulize.